Kengele ya Nyuma

Tarehe kumi na moja Februari mume wangu alifariki nyumbani kwetu Bondeni, Kyela, mvua ya asubuhi ikiwa bado inanyesha. Kabla watu wa msiba hawajatawanyika, kengele ya baiskeli yake nayo ikapotea. Naandika vyote viwili pamoja kwa sababu ndivyo vilivyonipata, ingawa najua havilingani. Lakini mume wangu nilijua amelazwa wapi. Kengele sikujua.

Msibani kwetu hakuna kunyimana. Mfiwa anaacha mlango wazi na kila kilichomo ndani kinakuwa cha watu wote: sufuria, mikeka, ndoo, mapanga. Baiskeli ya marehemu nayo ilitoka. Ilibeba mikungu ya ndizi kutoka kwa ndugu wa Mwaya, ikabeba kuni, ikabeba maji. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, na kila ilipoingia uani niliisikia, maana kengele yake ilikuwa ya zamani, yenye sauti nzito inayolia mara mbili, si kama hizi za siku hizi zinazolia kama kijiko kwenye glasi. Ilipolia, moyo wangu uliinuka kabla akili haijauzuia. Halafu siku moja baada ya mazishi ikaingia kimya. Nilipotoka nikaikuta imeegemezwa kwenye mgomba, na pale kengele ilipokaa miaka yote pamebaki alama nyeupe kwenye usukani.

Nikauliza. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekuwa akisimamia wanawake pale msibani. Alinivuta pembeni.

"Wifi, watu wanalilia mtu, wewe unalilia kengele?"

"Nauliza tu."

"Usiulize. Watasema umechanganyikiwa. Mke wa mdogo wangu anatafuta vyuma!"

Sikuuliza tena, lakini sikuacha kutafuta. Nilipoanza kutoka nje nilipita kwa mafundi wa baiskeli sokoni, nikawa natazama usukani wa kila mtu kama mwizi anayechagua. Kyela baiskeli ni nyingi, kwa hiyo kazi hiyo haina mwisho. Wifi aliniletea kengele mpya ya plastiki. Nilimshukuru, nikaiweka kabatini.

Ili ieleweke kwa nini niling'ang'ania, lazima nieleze chama chetu.

Kwetu baiskeli ni ya kazi. Inabeba mpunga, inabeba kakao, inabeba mgonjwa, na wapo wanaoishi kwa kubeba abiria. Kwa hiyo mume wangu na wenzake walipoanza kuendesha kila Jumamosi bila mzigo, watu waliwacheka.

"Mnakwenda wapi?"

"Kasumulu."

"Kuna nini Kasumulu?"

"Hakuna. Tukifika tunarudi."

"Sasa nani amewafukuza?"

Baadaye wakazoea, na wengine wakajiunga. Tulikuwa na wauguzi, fundi cherehani, mwalimu, hata wale wa baiskeli za abiria ambao walisema Jumamosi wanataka kuonja kuendesha bila mtu mgongoni. Waliotaka kukaa mbele walikuwa wengi. Aliyetaka kukaa nyuma alikuwa mmoja, mume wangu. Hakukaa nyuma kwa kukosa nguvu. Alibeba pampu, tyubu na viraka, na akatembea mwendo wa yule aliyechoka kuliko wote, hata kama ni mwendo wa kusukuma.

Kutokana na yeye likaanza jambo ambalo hakuna aliyelipitisha kwenye kikao. Kila tulipovuka daraja, wa mbele walishusha miguu chini wakangoja. Hawakusogea mpaka waisikie kengele ya nyuma. Ikilia, maana yake hakuna aliyebaki barabarani. Mume wangu alikuwa akisema, "Mimi nikifika, wote wamefika." Hakuwa msemaji, na hayo ndiyo maneno yake marefu niliyowahi kumsikia akisema mbele ya watu.

Mimi niliendesha mbele yake tu. Alinifundisha baiskeli nikiwa mtu mzima, uwanjani, majirani wakitazama. Miaka yote hiyo nilisafiri nikiwa na mlio wa pedeli yake mgongoni. Sikuwahi kuachwa na mtu, ndiyo maana sikujua kuachwa kukoje.

Mara moja kwa mwaka, mpunga ukishavunwa na barabara ikikauka, chama kina safari ndefu. Tunaanzia Kasumulu, kwenye mto Songwe, tunapita mjini, tunapita Ipinda, mpaka Matema ziwani chini ya milima ya Ukinga, kisha tunarudi. Mwezi wa tano mwenyekiti aliitisha kikao. Mwenyekiti ni mnunuzi wa kakao, na alikuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana. Alisimama akasema safari ya mwaka huu tunampa marehemu. Zitashonwa fulana zenye picha yake mgongoni. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono.

"Naomba mimi nikae nyuma."

Mwenyekiti akanijibu kwa ile sauti ambayo watu walikuwa wakinisemesha tangu Februari, kama unamsemesha mtoto mwenye homa.

"Shemeji, wewe mwaka huu hupandi. Utakaa kwenye pikapu, mbele kabisa, na maua."

"Maua ya nini?"

"Ya heshima."

"Lakini naweza kuendesha."

"Hatusemi huwezi, shemeji. Hatutaki uchoke."

"Nataka kuchoka."

Wakacheka kidogo, kwa huzuni, na nikaona wamenihurumia zaidi. Niliishia darasa la saba. Kwenye kikao cha watu wanaojua kuongea, maneno yangu hufika yakiwa yamechoka. Nilitaka kitu kimoja tu: nikae pale alipokuwa akikaa, nione kwa macho yangu kwamba hakuna anayeachwa. Sikutaka gari, wala maua. Wao walikuwa na mengi ya kunipa, ila hilo moja hawakuwa nalo. Mwisho wakasema haya, nipande, lakini nikae mbele, ubavuni kwa mwenyekiti. Nyuma watawekwa vijana wawili wenye nguvu, na nyuma yao pikapu ya kuokota waliochoka. Mwenyekiti akauliza kama nimeridhika. Sikujibu, ikaandikwa nimeridhika.

Asubuhi ya safari wifi alinikuta uani nimevaa suruali chini ya gauni langu jeusi, maana baiskeli ya mume wangu ni ya kiume na ina bomba la juu.

"Nguo nyeusi na suruali! Wifi, wewe umefiwa au umeajiriwa polisi?"

"Nimefiwa, wifi."

Alinitazama sana. Halafu akanikaribia, akanifungua kitambaa cha kichwa akakifunga upya kwa nguvu. "Kwa upepo ule wa ziwani kingeruka," akasema, akaingia ndani.

Kasumulu ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mto na malori yamepanga foleni ya kuvuka. Tulikusanyika kando ya barabara na fulana zetu. Ndipo mwenyekiti akasema ana jambo. Usukani wa baiskeli yake ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa. Akakivuta.

Kengele ilikuwa pale. Imesuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka inang'aa kuliko nilivyowahi kuiona.

"Niliichukua mimi mwenyewe pale msibani," akasema, "nikaihifadhi isiibiwe. Sikumwambia mtu. Leo ndugu yetu anatuongoza!"

Akaipiga. Ikalia mara mbili, nzito ile ile. Watu wakapiga makofi, na mama mmoja muuguzi akapiga vigelegele.

"Hiyo ni ya nyuma," nikasema.

"Shemeji," akacheka na machozi yanamtoka, "imepanda cheo."

Alikuwa analia kweli, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Mwizi ningemkabili. Mtu anayemlilia mume wako utamkabili vipi? Nikapanda baiskeli isiyo na kengele, nikakaa ubavuni kwake kama nilivyopangiwa.

Daraja la kwanza wote walishusha miguu kwa mazoea. Mwenyekiti akaipiga kengele, kwa furaha tu, kumsalimia mtu aliyekuwa akipungia mkono shambani. Wote wakakanyaga pedeli wakaondoka. Nikageuka kutazama nyuso zao, nione kama yupo hata mmoja aliyeshtuka. Hakuwepo. Kwa miaka miguu yao iliondoka kwa mlio ule. Miguu ilisikia kabla ya wenye miguu.

"Mwenyekiti, wa nyuma hawajafika."

"Vijana wapo huko. Na pikapu."

Daraja la pili ikawa hivyo hivyo. Mjini watu walisimama kando ya barabara, yeye akaipiga mfululizo, na msafara haukusimama kabisa. Tulipotoka mjini nikawaona wale vijana wawili wanatupita, fulana zinapepea.

"Nyuma kuna nani?" nikawapigia kelele.

"Wanakuja, mama!"

Pikapu nayo ikatupita. Ilikuwa imepakiwa spika na kreti za soda, inapiga nyimbo za kwaya. Mwenyekiti akasema inawahi kuandaa viti. Nilipunguza mwendo. Akaniita, "Shemeji, nafasi yako ni hii!" nikajifanya sijasikia. Kwenye kivuli cha mikakao nikasimama, nikawaacha wote wapite. Fulana zilienda zikinipa mgongo, na katika kila mgongo mume wangu alikuwa anacheka, anakwenda mbali.

Nilingoja. Watu walikuwa wanaanika kakao kwenye mikeka kandokando ya barabara. Mama mmoja akanisalimu, "Ugonile," nikamwitikia. Akaniambia wenzangu wamekwenda. Nikamwambia najua. Akatazama nguo zangu, akarudi kwenye kakao yake.

Aliyekuja hatimaye ni mama lishe mmoja anayeuza wali na samaki karibu na stendi. Alikuwa amejiunga na chama mwaka huu baada ya kuambiwa apunguze mwili, na hii ilikuwa safari yake ndefu ya kwanza. Alikuwa anasukuma baiskeli ya kuazima kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika cheni iliyokatika, inaning'inia kama nyoka aliyeuawa.

"Nilisikia kengele imelia," akasema kabla hajanifikia, "nikasema kumbe nimeshafika na mwenyewe sina habari!"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa sauti tangu msiba, na kicheko chenyewe kiliuma. Nilitoa mfuko wa vifaa vya mume wangu, nikapanga cheni juu ya jiwe nikaiunga nilivyokuwa nikimwona yeye akiunga. Ikashika. Tukaendesha tukazungumza, tukapita Ipinda ambako watu walishaacha kusimama kando ya barabara. Mbele kidogo cheni ikakatika tena, pale pale nilipounga. Nikaunga, ikakatika. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa grisi, na nikahisi hasira inanipanda ambayo haikuwa ya cheni. Nilimkasirikia mwenyekiti, na vijana, na pikapu. Nilimkasirikia mume wangu pia, kwa kunifundisha kuendesha bila kunifundisha kuunga cheni, kana kwamba angekuwepo siku zote.

"Nenda tu, mama," mama lishe akasema. "Mimi nitapata gari."

"Tutafika."

"Wewe ndiye mwenye shughuli. Mimi hata wakinikosa hawatajua."

"Nimesema tutafika! Panda hapa."

Alipanda nyuma yangu kwenye keria, akaishika baiskeli yake kwa usukani, ikawa inakimbia pembeni yetu. Ndivyo watu wa kwetu wanavyosafirisha baiskeli mbovu. Lakini yule mama si mwepesi.

"Pole pole, mama, mimi si gunia la kakao!"

"Gunia lingenyamaza."

Tuliendesha kidogo, tukatembea kidogo. Kwenye daraja la Lufilyo nilishusha mguu chini bila kufikiri. Mama lishe akashuka akajinyoosha mgongo. Maji yalikuwa mengi bado, yana rangi ya udongo. Nilikaa nimegeuka, natazama barabara tuliyotoka.

"Tunamngoja nani?" akauliza.

"Nahakikisha tu."

Akangoja na mimi. Baadaye akanigusa bega. "Mama, hakuna mtu. Ni sisi wa mwisho."

Nilijua. Lakini nilikuwa nimesimama pale alipokuwa akisimama yeye, na mwili haukutaka kuondoka.

Tulipofika Matema kila kitu kilikuwa kimekwisha. Watu walishakula. Wengine walikuwa wanaogelea. Chini ya turubai palikuwa na chungu kikubwa cha wafinyanzi Wakisi kimejazwa maua, na viti vimeanza kupangwa juu ya vingine. Fundi cherehani aliniambia, akidhani ananifurahisha, kwamba dakika ya kimya ilikuwa nzuri sana, hata watoto walinyamaza. Dakika ya kimya ya mume wangu ilipita mimi nikipigana na cheni.

Mwenyekiti alikuja mbio na sahani.

"Shemeji! Tulidhani umepanda pikapu!"

"Na huyu?"

Alimtazama mama lishe. Ni mtu mkweli, sikumwona akitafuta uongo. "Huyu sikujua kama yuko," akasema.

"Nipo, mwenyekiti," mama lishe akasema. "Kengele yako ilinisomea nimefika, mimi nikiwa bado naokota cheni huko mjini."

Waliokuwa karibu walicheka, halafu kicheko kikakatika mtu baada ya mtu, kadiri kila mmoja alivyoelewa. Nilitoa spana kwenye mfuko, nikaenda kwenye baiskeli ya mwenyekiti.

"Shemeji, hili tungelizungumza kwenye kikao."

Nikaanza kufungua. Alikuwa ameifunga kwa bolti mpya, na kwa nguvu, kama mtu anayefunga kitu kisitoke maisha yote. Spana ikateleza, usukani ukageuka. Nikarudia, ukageuka tena. Alisimama na sahani yake. Kisha akaiweka mchangani, akaja akaushika usukani kwa mikono miwili usitikisike. Akaushikilia hivyo mpaka kengele ikatoka.

Bolti zake hazikuingia kwenye usukani wa mume wangu. Nilipomuuliza za zamani akasema hakumbuki alizitupa wapi. Nilikata kipande cha tyubu nikaifunga kengele kwa mpira. Mmoja wa waendesha baiskeli za abiria alimfungia mama lishe cheni yake vizuri, na jua lilipopungua tukaanza kurudi. Hakuna aliyetangaza nani akae wapi. Nilingoja wote watoke, nikaingia nyuma, mama lishe akiwa mbele yangu.

Safari hii wale wa mbele walikimbia kuliko asubuhi, kwa sababu ya kwenda nyumbani. Tulipofika Lufilyo walikuwa wameshavuka, hawajasimama, naona migongo yao tu upande wa pili, fulana zile na picha zile zinazidi kuwa ndogo. Nikashusha mguu juu ya daraja, nikaipiga kengele. Mpira ulikuwa umeibana. Ikatoa sauti fupi, ya kifuani, kama mtu anayekohoa. Nikaipiga tena. Hakuna aliyegeuka.

Mama lishe hakuwa na kengele. Alisimama kwenye pedeli, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kelele: "Ngrii! Ngrii! Nyie wa mbele! Kengele imelia huku, hamsikii?"

Wa mwisho katika wale wa mbele aligeuka. Picha ya mgongoni ikatoweka, nikaona uso wa mtu. Akashusha mguu chini.